Fundi, Wanataka Picha za Msingi

Fundi,

Nimekasirika. Naanza na hilo kwa sababu wewe hukupenda mtu azungukezunguke. Nimekaa juu ya ndoo ya rangi niliyoipindua, hapa Hasamba, vibarua wamekwenda kula, na nina hasira na wewe ambayo sikuwahi kuwa nayo ulipokuwa hai. Ulipokuwa hai nilikuogopa. Sasa huwezi kunirushia mwiko, kwa hiyo leo utanisikiliza mpaka mwisho.

Haya, salamu kwanza, nisije nikaonekana sikulelewa. Mke wako, Mama Ombeni, hajambo. Kahawa ya mwaka huu ameichuma akisaidiwa na wanawake wa kanisani. Mimi nilikwenda siku moja kumsaidia, nikachuma na mbichi, akanitoa shambani kwa upole akaniambia nikaangalie bati la jiko lake. Nimeligongelea upya, halivuji. Foleni ya malori Tunduma iko palepale ulipoiacha. Mwazembe bado analalamikia kiuno chake na bado anafika saiti kabla yangu. Wengine wametawanyika. Wapo waliovuka mpaka kwenda kujenga Nakonde, wapo walionunua bodaboda. Kikosi chako kimebaki mimi, Mwazembe na vijana wachache ambao hukuwahi kuwajua, na ambao hata hivyo wanakutaja kila siku, kwa sababu mimi nakutaja kila siku.

Sasa tuingie kwenye lenyewe.

Tangu tukuzike, kazi imekuwa ngumu kwa namna ambayo sikuitegemea. Zamani mtu akitaka kujenga alikuwa anauliza yuko wapi Fundi Simwinga, basi, yameisha. Siku hizi wanafika, wananitazama juu hadi chini, wananiuliza mwenyewe yuko wapi. Nikisema mwenyewe ni mimi, wanasema watarudi. Hawarudi. Miaka yote ile niliyopanda kutoka kubeba karai hadi kushika timazi, hadi ukaniachia saiti nzima nikasimamia peke yangu wewe ukiwa umelala na presha, imegeuka kuwa kitu ambacho hakuna aliyekiona isipokuwa wewe. Na wewe umeniacha.

Kisha ikatangazwa wodi ya wazazi ya Iyula. Fundi, Iyula! Unaijua ile zahanati, ukisimama kaburini kwako unaliona paa lake kule nyuma ya migomba. Niliitaka kazi ile. Niliitaka kwa sababu ni nzuri, na niliitaka kwa sababu nilitaka usikie mashine ya zege ikilia na ujue ni mimi. Unaruhusiwa kucheka. Lakini tangazo lilisema mkandarasi aliyesajiliwa, na mimi si mkandarasi aliyesajiliwa, mimi ni Atupele wa Fundi Simwinga.

Nikaamua kusajiliwa. Daraja la saba. Na uelewe kwamba daraja la saba ndilo la chini kabisa, hakuna la nane. Nimehangaika hivi ili nikubaliwe kuwa wa mwisho.

Jina la biashara nikapata. Namba ya mlipa kodi nikapata. Ofisi nikapata, nusu chumba nyuma ya duka la vipuri vya malori la Haji, nimetundika na mtungi wa kuzimia moto ingawa mle ndani hakuna cha kuungua isipokuwa kalenda. Cheti cha ufundi ninacho, kile ulichonipa ruhusa nikakifanyie mtihani kwa sharti kwamba niwe nimerudi kabla ya kumwaga zege la jamvi. Kila karatasi ilikuwa inataka karatasi nyingine itangulie, na hiyo nyingine inaitaka hii ya kwanza, nikawa napanda gari kwenda Mbeya na kurudi hadi makondakta wananisalimia kwa jina. Nilivumilia. Nilijiambia nikifika mwisho wa ngazi nitakuta mlango.

Nikakuta binti mmoja wa usajili, amesuka vizuri, ana adabu kabisa. Akapanga karatasi zangu, akatikisa kichwa kwa kuridhika, halafu akafika kwenye sehemu ya kazi nilizowahi kufanya. Nilikuwa nimeweka picha za nyumba zetu nzuri kuliko zote. Ya Haji kule Mpemba, yenye ile baraza ya mviringo. Ya bwana shamba kule Chitete. Akazitazama, akaniuliza, "Dada, picha za hatua ziko wapi? Msingi, kuta, lenta, kupaua?"

Nikasema hazipo.

"Hizi ni nyumba za watu zimepakwa rangi," akasema. "Hata mimi naweza kwenda barabarani nikapiga picha nyumba ya mtu. Nitajuaje umeijenga wewe?"

Na hapo, Fundi, ndipo nilipokukumbuka. Si kwa machozi. Nilikukumbuka kwa kusaga meno.

Unaijua siku ile ya simu yangu kama ninavyoijua mimi. Nilikuwa bado saidia fundi, nimenunua simu yangu ya kwanza yenye kamera. Nyumba ya Haji imefika usawa wa madirisha, jua la asubuhi limeipiga ubavuni, kozi za tofali zimenyooka. Nikainua simu. Sikuona umetokea wapi. Niliona kiganja tu, kikavu, kimepasukapasuka kwa saruji, kimejaa kioo kizima. Ukasema, "Atu, hii haijavaa. Wewe ungependa upigwe picha ukiwa bafuni?" Haji alikuwa amekuja kuangalia nyumba yake, akacheka mpaka kofia ikamdondoka kwenye udongo.

Kuanzia hapo ikawa sheria. Simu zote kwenye ndoo, ndoo chini ya turubai. Upande wa barabara turubai lingine, watu wasichungulie. Hata wenye nyumba ukawakataza. Kuna mtu analipia nyumba yake mwenyewe, kiwanja chake, jasho lake, na wewe unamwambia asubiri ipakwe rangi ndipo aite hata mpiga picha wa harusi. Na walikutii! Sijawahi kuelewa ulikuwa unawafanyaje watu.

Siku moja ulinieleza sababu, tumejikinga mvua chini ya kenchi za paa la mtu kule Chapwa. Ulimjua bwana mmoja uliyemjengea, aliyepiga picha msingi wake akaisambaza kwa ndugu na marafiki, kisha mambo yakamwendea vibaya, nyumba ikakwamia kwenye lenta. Kila alikokwenda, harusini, msibani, watu wakawa wanamwuliza imefikia wapi. Mwisho akaacha kwenda kwa watu. Ulisema hutaki mkono wako uhusike tena na kitu kama kile. Nilikuelewa siku ile. Bado nakuelewa, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi, kwa sababu ungekuwa mtu wa visa tu ningekulaumu nikamaliza.

Basi nikaanza kutafuta. Nilijiambia haiwezekani wote walitii, lazima mmoja aliiba picha. Nikaanza na Haji. Akatoa simu, akapekua, akatoa na ile ya zamani kwenye droo, akasema, "Mwanangu, Fundi alinikataza, na mimi nilimpa neno langu." Nikavuka hadi Nakonde kwa yule mama wa duka la nguo tuliyemjengea stoo. Akatikisa kichwa, "Awe, awe," hapana kabisa, ba fundi, yaani wewe, walikataa. Wote jibu moja. Nimewahi kuona watu wanavunja amri za serikali mchana kweupe, lakini amri ya Fundi Simwinga haikuvunjwa na mtu, hata ng'ambo ya mpaka.

Nikaenda Chitete. Barabara ni ileile, nilifika nywele zimekuwa nyekundu. Bwana shamba amestaafu siku hizi, anafuga nyuki, akanipokea vizuri sana, akaita mke wake alete albamu. Tukapekua harusi, ubatizo, mahafali. Halafu mama akasema ipo moja, alimpiga picha mtoto siku anajifunza baiskeli pale kiwanjani, tukiwa tunajenga. Nikasogeza kiti karibu. Akaitoa.

Ni kiganja chako, Fundi.

Mtoto anaonekana pembeni, gurudumu moja na mguu. Nyuma yake kuna kitu ambacho huenda ni ukuta. Picha nzima iliyobaki ni kiganja chako, na gumba lenye ule ukucha mweusi uliopigwa nyundo na haukupona. Nilikuwa nimekwenda na hasira, nimejaa vumbi, na nikalia palepale mbele ya watu wazima. Mama wa nyumba akadhani nalilia usajili, akaniambia niichukue. Nimeichukua. Ninayo kwenye pochi. Kwa kazi niliyoitafutia haina faida yoyote.

Niliporudi Tunduma, kijana wa stationeri alinionea huruma. Alisema picha za misingi zimejaa mtandaoni, atanitolea za kutosha, atachagua hata zenye udongo mwekundu kama wa kwetu. Nilisimama pale dukani muda mrefu kuliko ninavyopenda kukubali. Kilichonitoa si utakatifu. Nilifikiria tu kwamba binti wa usajili ataniuliza hii ni wapi, na mimi nitalazimika kutaja mahali, na mahali pote ninapopajua wewe ulikuwepo.

Sasa nikuambie jambo ambalo nilitaka kukuficha.

Zipo picha. Ipo kazi moja tu maishani mwangu yenye picha za kila hatua, kuanzia jembe la kwanza hadi kufuta vumbi. Ni kaburi lako.

Si kosa langu. Ombeni yuko Mwanza, alipotuma ujumbe kwamba tukujengee aliandika, "Dada Atu, tupigie picha kila hatua, na sisi tuone." Mtoto wa marehemu anaomba, ningesemaje? Ningemwambia baba yako hakupenda? Basi kila jioni nikawa natuma kwenye kundi la ukoo. Msingi. Nondo. Zege. Tofali. Watu wa ukoo wako nao, Fundi, hawajambo! Huyu anaweka nyuso za kulia, yule anauliza mbona nondo nyembamba, mwingine ambaye sijawahi kumwona hata msibani anataka vigae vya rangi ya maziwa. Nilikuwa nakuweka hadharani hujavaa, mbele ya watu wasiojua hata kuchanganya mchanga. Kila nilipobonyeza nilisema samahani, Fundi. Nilisema kwa sauti. Mwazembe alikuwa anaondoka kidogo, anajifanya anatafuta koleo.

Nikazichapisha. Nikarudi Mbeya, nikaziweka mbele ya yule binti, nikamwambia kazi ni ndogo lakini ni yangu kuanzia mwanzo. Akaanza kufunua. Kwenye picha ya tofali akapunguza mwendo. Kwenye ya msalaba akasimama.

"Dada Atupele, hii ni nini?"

Nikamwambia ni kaburi la fundi wangu.

Hakucheka. Nilikuwa nimejiandaa acheke. Alizikusanya picha taratibu, akazilinganisha kingo, akanirudishia kwa mikono miwili. Akasema, "Pole sana. Lakini kaburi siwezi kuliandika kuwa jengo. Jengo lazima liwe na mlango."

Ni kweli halina mlango. Angekuwa mkorofi ningemkasirikia yeye nikapumua. Alikuwa mstaarabu, kwa hiyo hasira yote imebaki kwako. Akanishauri nijenge kitu kimoja, hata kidogo, nikipige picha tangu tunachimba, kisha nirudi. Akasema atanikumbuka. Hilo naamini.

Wodi ya Iyula imekwenda, Fundi. Nilipita pale majuzi nikienda kwa Mama Ombeni. Kibao kimesimama, kina jina la mtu nisiyemjua, mashine ya zege inalia kweli kama nilivyotaka uisikie. Nilishuka kwenye bodaboda nikajifanya nafunga kamba ya kiatu ili nitazame. Zege lao si baya. Nilitamani liwe baya. Mama Ombeni aliponiona usoni akanipakulia chakula, akaniambia tu kwamba hata wewe ulikuwa unarudi nyumbani na sura hiyo. Hukuwahi kuniambia. Kwetu saiti ulikuja kila asubuhi kama mtu ambaye hajawahi kukataliwa.

Kwa hiyo niko Hasamba. Kanisa la hapa limenipa kazi ya vyoo. Vyoo, Fundi. Baada ya baraza ya mviringo ya Haji, mimi najenga vyoo, na nimefurahi kuvipata. Vina milango. Nimehakikisha.

Tulimaliza kuchimba asubuhi hii. Nilifika nikakuta Mwazembe ameshatundika turubai upande wa barabara bila kuambiwa, na ndoo ya simu iko chini yake. Nikavua koti nikalitundika, nikaenda kukagua kamba. Niliporudi, simu yangu haikuwa kwenye koti. Ilikuwa kwenye ndoo pamoja na za wengine. Ameitia yeye, kwa mazoea tu, wala hakukumbuka kama ameitia.

Nikaitoa. Nikawaambia leo tunapiga picha. Vijana wakatazamana. Mwazembe akaweka chini koleo, akauliza, "Mzee angesemaje?"

Sote wawili tunajua ungesemaje. Akaniangalia kidogo, kisha akageuka akaupa msingi mgongo. Vijana nao wakageuka mmoja baada ya mwingine, wakasimama wanatazama mahindi ya watu, kama mnavyogeuka mkimkuta mtu anaoga mtoni. Hakuna aliyewaambia. Nikabaki mimi na mtaro na kamba.

Nikainua simu. Nikasubiri. Fundi, naona aibu kuandika hili, lakini nilisubiri kiganja chako. Nilisimama nimeishika simu ile mpaka kioo kikazimika, nikakiwasha tena. Nilitaka kije. Nilitaka unikatalie, unitukane mbele ya vijana, uniulize kama mimi ningependa, niiweke simu kwenye ndoo, usajili ukae huko ulipo. Mbele yangu palikuwa peupe kabisa.

Nikabonyeza.

Imetoka vizuri. Msingi wote unaonekana, pembe zote, kamba imenyooka. Haina kitu chochote mbele yake. Nimeitazama mara nyingi tangu hapo, na ndiyo sababu nimetafuta karatasi nikakaa juu ya ndoo.

Nawasikia vijana wanarudi, wanacheka huko barabarani, lazima nikuage. Sikuagi kwa moyo mweupe, ujue. Bado nimekasirika. Ungeweza kuniachia picha moja. Moja tu, ya ukuta wowote, hata wa banda la kuku, wewe umesimama huku na mimi nimesimama kule na karai kichwani. Si kwa ajili ya usajili hata. Basi tu.

Lakini ahadi nakupa, na unajua sikuwahi kukuvunjia. Vyoo hivi nitavipiga picha hatua kwa hatua, na kila hatua vijana watageuka, sitawazuia. Nitarudi Mbeya kwa yule binti. Akinikataa tena nitajenga vingine, hata ikibidi nijenge vyoo mkoa mzima. Kibao cha kwanza chenye jina langu nitakipitisha kaburini kwako kabla sijakisimika popote.

Na siku nitakayokabidhiwa cheti, nitazifuta. Sitaacha hata moja ya mtaro, ya nondo wala ya tofali. Nitaanza na za kaburi lako. Nitampigia Ombeni afute zake, nitaandika kwenye kundi la ukoo kila mtu afute, na atakayebisha nitamfuata hadi kwake. Nitabakiza ile ya mwisho peke yake, zege limekauka, vigae vimefutwa vumbi, Mama Ombeni ameinama anaweka maua. Hiyo moja tu, Fundi, ambayo umeshavaa.

Saidia fundi wako,
Atu